Bimu ya Kizwite

Jumatatu, 3 Juni
Uji, vidonge vitatu, kiti mlangoni kuota jua. Upepo unanichoma mbavu. Binti yangu Yustina kanisomea mwaliko: semina ya wahandisi na mafundi hapa Sumbawanga, kuhusu kulijenga jengo zima kwenye kompyuta kabla ya kuchimba msingi. Mkufunzi ni Leokadia. Wanataka mimi, mhandisi mstaafu, niifungue. Mimi!
Nimesema naumwa. Si uongo.

Jumanne, 4 Juni
Daktari hakunificha. Moyo umechoka. Wiki chache.
Basi niandike. Leokadia alikuwa mhandisi kijana ofisini kwangu. Tulipojenga hosteli ya ghorofa kule Kizwite, alituonyesha kwenye kompyuta kuta, nondo na mabomba, vyote pamoja. Bomba la choo lilipita katikati ya bimu kuu, mhimili wa zege unaobeba sakafu. Pale pakawaka rangi nyekundu. Nikamwambia mbele ya mafundi, "Binti, hapa hatuchezi gemu." Wakacheka sana.
Ukweli ni kwamba sikujua hata kuligeuza lile jengo kwenye kioo. Niliona haya. Nikasaini karatasi zangu: mchoro wa bimu peke yake, wa mabomba peke yake. Sikuwahi kuiweka michoro hiyo pamoja.

Jumatano, 5 Juni
Semina imeanza bila mimi.
Bomba lilipogonga bimu, fundi Desideri alinipigia simu. Nilikuwa safarini Namanyere, nina haraka. Nikamwambia, "Chonga, upitishe." Akachonga zege, akakata nondo mbili. Siku ya kutoa mirunda iliyoshikilia sakafu ya juu, sakafu ilishuka. Desideri alikuwa chini yake.
Kwenye uchunguzi nilisema alikata kwa akili yake, tena alichanganywa na michoro ya kompyuta. Wakaniamini, mzee mwenye suti. Leokadia akafukuzwa. Tangu hapo, mkandarasi wa huku akiletewa jengo kwenye kompyuta hujibu kwamba hayo ndiyo yaliyoua mtu Kizwite.
Niliyeua ni mimi. Na kalamu hii nayo imechelewa.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimwita Leokadia. Kaja baada ya semina, kaniamkia kwa adabu nisiyostahili. Nimemweleza yote, mpaka simu. Kasikiliza bila kunikatiza.
"Kwamba mimi sina kosa nilijua siku ileile, mzee. Niliondoka, nikapata kazi kwingine. La simu ndilo nalisikia leo. Mjane wake, Mama Desideri, analijua?"
Nikamsogezea chai.
"Wanawe mpaka leo wanaitwa watoto wa mkata nondo. Umekosea mlango, mzee."
Kaondoka bila kunywa chai. Nimemchukia mchana kutwa. Nilitaka anisamehe, nife.

Jumapili, 9 Juni
Bajaji mpaka Kizwite, Yustina kanishika mkono. Tulikuta jumuiya ya majirani inasali nyumbani kwa Mama Desideri. Nilimwomba tuongee pembeni. Akakataa, niseme pale pale.
Nimesema. Simu ilikuwa yake, amri yangu. Uongo wangu pia.
Akaniuliza jambo moja tu: kabla ya kukata, mume wake alisemaje?
Nikamjibu, aliniuliza mara mbili, "Mzee, una hakika?"
Aliwageukia wanawe. "Kumbe aliuliza," akasema, taratibu.
Mwongozaji akarudi kwenye sala. Mtu mmoja akasogea kwenye benchi, nikakaa.