Viazi Vyetu na Mabasi ya Dar es Salaam

Mpendwa Baba,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta umeshika jembe, si umeshika kiuno. Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima hapa bwenini Mbeya, ila ugali wa shule haufikii wa kwetu Kilolo.

Baba, nina habari ambayo mwanzoni itakuudhi, kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho. Shuleni tulikuwa na mdahalo: je, fedha za serikali zigharamie mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam? Mwalimu wa Uraia aliniweka upande wa kutetea. Nilimfuata ofisini nikamwambia siwezi. Kwanza naogopa watu, pili baba yangu anapinga.

Akacheka. "Baba yako si jaji. Kajiandae."

Nilikumbuka siku lori lilipokwama kwenye barabara yetu, magunia ya viazi yakilowa, nawe umesimama kwenye tope ukisema, "Dar wananunuliwa mabasi yenye feni, sisi hata kifusi hatuna!" Nilisoma magazeti yote ya maktaba nikitafuta namna ya kukujibu wewe, si wapinzani wangu.

Siku yenyewe nilisimama, ulimi ukawa mzito. Kwa woga nikasalimia kama tunavyosalimia kwenye mkutano wa kijiji: "Kamwene!" Ukumbi ukaangua kicheko. Zuwena, rafiki yangu ambaye baba yake anauza vitenge hapa mjini, akapaza sauti, "We Mhehe, hapa si kilabuni!" Lakini wenzangu wa Iringa waliokaa nyuma wakaitikia kwa pamoja, "Kamwene!" Nikapata sauti.

Nikasema baba yangu ni mkulima wa viazi na barabara yake ni tope, lakini viazi hivyo vinaliwa Dar es Salaam. Anayekaanga chipsi na anayezinunua wote wanapanda basi. Nauli ikipanda, mtu anaacha chipsi kwanza, na gunia linatubakia sisi.

Mpinzani wangu, kaka mmoja wa kidato cha nne, akauliza, "Na barabara ya baba yako ingoje mpaka lini?"

Hapo nikakumbuka tunavyolimiana. "Kwetu watu wote wanalima shamba la mmoja, kesho wanahamia kwa mwingine," nikajibu. "Hakuna anayenuna kwa sababu wameanza kwa jirani. Mtu ananuna zamu yake ikirukwa."

Nikarudi kukaa. Tulishinda, Baba.

Sasa tunakuja kushindana Iringa, katika ukumbi mmoja wa Mlandege, tukishafunga shule. Huko pande zinabadilishwa, nami nitapinga. Nitasema zamu yetu imerukwa, na safari hii nitakuwa nasema ya moyoni. Lakini maktaba haina kitabu chenye barabara yetu. Niandikie wewe: lori linakwama wapi, madereva wanasemaje, na unajisikiaje ukimwaga viazi vilivyooza. Andika hata kwa hasira, nitapanga mwenyewe.

Nisalimie Mama, Bibi asiyekosa ibada ya asubuhi, na kaka Yohana wa kiwanda cha mbao Mafinga. Mwambie kalamu aliyoninunulia ndiyo hii inayoandika.

Na siku hiyo uje, Baba. Vaa koti lako la kanisani, ukae mbele. Nitasalimia vilevile, kwa makusudi. Wakicheka, wewe uitikie.

Ni mimi binti yako,
Tumaini