Koti la Glenda na Mfuko wa Bure

Mpendwa mshauri, naomba kwanza kuutangazia umma kwamba tangu Krismasi nyumba yangu hapa mjini Accrington imetunukiwa mifuko ya plastiki thelathini na minne, yote ya kuomba nguo za msaada, yote imesukumizwa kwenye tundu la barua na watu nisiowaita. Nisaidie kabla sijamfukuza mtu. Mume wangu Clifford hautupi hata mmoja, anasema, "Wa bure huu, mpenzi, ya nini kununua ya taka?" basi humo hujaza vikopo vya mtindi na visahani vya plastiki vya nyama ambavyo halmashauri haivipokei kwa kurejeleza, halafu dada yangu Glenda akafariki mwezi wa pili, nikafua koti lake la kijani, nikalipiga pasi huku nalia, nikalitia katika mfuko mmojawapo na kuuweka mlangoni Jumanne kama walivyoandika juu yake, Clifford akadhani ni wa taka, akautumbukiza kwenye pipa, pipa likajaa, mfuko wake wa vikopo akauacha mlangoni, gari la msaada likabeba vikopo, lori la taka likabeba koti. Nilipompigia kelele akajibu, "Si ungeniambia?" Leo siku ya tisa hatusemezani. Na Rowena, binti wa marehemu, anapiga simu: "Mama mdogo, ulilipeleka duka gani la nguo za msaada? Nataka nikalinunue." Nimemwambia sikumbuki vizuri. Nimwambie nini?

Avril

Avril, pole kwa dada. Pole imeishia hapo.

Anayekusukumizia plastiki bila hodi, ukahangaike nayo wewe, hana msaada huyo, amekupa kazi. Bandika mlangoni leo: "Mifuko ya nguo, hapana." Kwa herufi kubwa, adabu weka pembeni. Clifford mnunulie mifuko myeusi ya taka, na umsemeshe. Mzee wa watu alitupa mfuko, hakumtupa Glenda.

Lakini wewe! Koti la mama wa mtu unaligawa bila kumuuliza mwanawe? Na sasa unamwacha azunguke madukani kila Jumamosi akipekua makoti ya kijani? Mpigie kabla hujanywa chai. Usimtume Clifford. Sema, "Lilitupwa, mwanangu, na kosa ni langu, sikukuuliza." Kisha mwite achague vilivyobaki kwa mkono wake. Atalia. Kaa naye.

Wala usimtajie duka lolote. Mfuko kama wako ninao hapa, nimesoma maandishi madogo ya chini. Hawana duka. Nguo huuzwa nje ya nchi, kwa kilo.