Ulipima Maji Mafu, Ukaondoka

Mchumba wangu wa zamani,

Salamu sikuletei, hali yako haijanishughulisha. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za faragha huzijibu unapopenda tu.

Unaikumbuka Mbegani, jirani na kwetu Kaole? Maji yalitufika magotini, wahandisi wawili wapya wenye kifaa kimoja cha kupimia kina cha bahari, tena cha kuazima chuoni. Nikakuambia wiki hii ni maji mafu, bahari haipandi kitu. Tungoje bamvua, mwezi ukipevuka, tuone inakofika. Ukacheka: "Bi. Mhandisi, maji ni maji! Hayo ya bamvua waachie wauza pweza."

Mama, aliyetuletea vitumbua, akakujibu: "Mwanangu, maji mafu hayajapata kunitembelea. Bamvua huingia hadi jikoni, wala halipigi hodi."

"Basi mama, tutalitilia kufuli."

Kufuli ukalitia kweli, ila kwenye vipimo. Ulipopata ufadhili wa masomo ng'ambo ulivichukua vyote, na kifaa ukakirudisha chuoni kitupu. Nilipoomba nakala ukajibu: "Ni mali ya tasnifu yangu." Mali! Kumbe bahari ya Kaole ina mwenyewe, nasi tunaoamka matandiko yamelowa ni wapangaji.

Sasa ramani uliyoichora kwa vipimo hivyo vya maji mafu imerudi pasipo wewe. Mkandarasi anaifuata kuchimba mfereji wa kutoa maji ya mvua Kaole, na mdomo wa mfereji baharini umepangwa chini ya kimo cha bamvua. Mvua za masika zikikutana na bahari iliyojaa, maji hayatatoka. Yatarudi nyuma, na nyumba ya kwanza ni ya mama. Niliposimama mkutanoni kupinga, mkandarasi aliniuliza kwa upole, "Vipimo vyako viko wapi, dada?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Wewe unavyo, na tarehe zake zingeonyesha vilipimwa wakati wa maji mafu.

Basi sikuombi tena. Nimesimika nguzo ufukweni, nimeichora alama za sentimita kwa rangi nyekundu, na mkandarasi amekubali kungoja bamvua moja. Nitakachosoma nitakibandika ukutani mwa ofisi ya kijiji, anakili atakaye, hata adui yangu. Hata wewe.

Uchumba nimeuvunja, na pete imekwisha kufika kwa shangazi yako. Yako umerudishiwa. Nawe turudishie bahari yetu.

Buriani,

Aliyekuwa mchumba wako,
binti wa nyumba ya kwanza