Ile Asali Niliyomtumia Mama

Kwa Mrombo, Arusha
Jumatano asubuhi

Dada yangu Somoe,

Kabla ya salamu, nyanyuka. Ile chupa ya asali niliyomtumia mama, yenye mlima kwenye kioo na gunzi mdomoni, ichukue popote ilipo. Mama asiionje. Watoto wasilambe hata gunzi. Chimba shimo mbali na kuku na mbali na maji, uifukie na asali yake yote, unawe mikono kwa sabuni, ndipo urudi usome. Nakungoja.

Haya. Shikamoo dada. Mama naye mpe shikamoo yangu, ila barua hii usimsomee. Kifua chake je, bado anakohoa alfajiri? Naandika kwa mkono, kisha naipiga picha nimtumie Mjomba Hamisi aitoe kwenye karatasi pale stationari kwake Newala, na boda wa kwanza kushuka bondeni awaletee. Kwa mdomo pia nimemweleza, lakini unamjua mjomba. Ukimwambia kuna nyoka ndani, akifika kwa mtu anasema Saidi anakusalimu, anasema kuna mnyama. Na simu zenu tangu mshuke shambani hazipatikani kabisa, nimepiga hadi kidole kimechoka.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua nafanya kazi kwa Bi Nirmala, yule mama wa Kihindi mwenye duka la spea. Babu yake alikuwa na kiwanda kidogo cha soda hapa mjini. Kilishakufa zamani, zimebaki chupa tu majumbani kwa watu, nzito, za kijani, zina mlima umechomoza kwenye kioo. Mwaka huu Bi Nirmala kashikwa na hamu ya kuzikusanya azipange kabatini. Basi mimi ndiye nazunguka, Maji ya Chai, Moshono, hadi magharibi ya Mlima Meru kwa wafugaji. Nipe chupa kuukuu, nikupe ndoo mpya yenye mfuniko. Watu wananicheka kweli kweli.

Kazi hii ina swali moja la lazima: ilikuwa inawekwa nini? Maana chupa nzuri huku haitupwi. Utakuta ina mafuta ya taa, samli, hata maji ya baraka ya Wakatoliki. Swali hilo nimeuliza nyumba zote, dada, isipokuwa moja.

Kuna bibi mmoja, huku bibi wanamwita Koko. Alisikia nakuja, akaniandalia chupa zake mbili. Nilimkuta kazisugua kwa majivu na maji ya moto, kazianika juani juu ya kitambaa cheupe, na chai ya maziwa iko tayari. Mtu amekuheshimu hivyo, utamwuliza alikuwa anaweka uchafu gani humo? Niliona haya. Nikanywa chai, nikashukuru, nikaondoka nazo.

Bi Nirmala akazikataa kwa kuwa zimemeguka midomo. "Chukua wewe, Saidi, weka maua." Maua ya nini mimi? Nikanunua asali ya mlimani, nikazijaza zote mbili, moja yangu, moja ya kifua cha mama. Wallahi nilijiona mtoto mwema.

Jana Koko kaja hapa sokoni ananitafuta, vumbi hadi magotini.

"Wewe, zile chupa zangu uliziweka wapi?"

"Zipo, Koko. Kwani vipi?"

"Moja ilikuwa ya samli. Moja ya dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe, ile kali. Nilisahau kukwambia, na wewe hukuuliza. Usije ukaweka maziwa humo. Ndama wangu alilamba mdomo wa chupa hiyo tu, akaanguka, hakuinuka tena."

"Ipi, Koko? Ya dawa ni ipi?"

Akanitazama. "Si zinafanana?"

Zinafanana, dada. Nilikaa chini pale pale kwenye nyanya za watu.

Kisha nikakimbilia zahanati, maana ya kwangu nimekuwa nikila kila asubuhi, kwenye mkate, kwenye chai, tangu siku niliyowatumia yenu. Nesi akanikagua macho, akasikiliza kifua, akauliza naila kwa siku ngapi sasa. Nikasema sita. Akacheka, akanigonga bega.

"Basi tulia, kaka. Ingekuwa ndiyo hiyo, ungeshaona dalili kitambo. Yako ni ile ya samli."

Waliokuwa kwenye benchi wakasema alhamdulillahi, wakasema bwana asifiwe, kila mtu kwa dini yake. Mimi nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Tumaini langu ni moja. Mama ni mtu wa kuweka vitu. Kanga nilizomletea Idi ile bado ziko sandukuni, eti zinasubiri shughuli, na mimi nikamgombeza. Leo namwomba Mungu awe ameificha na asali, anasubiri mgeni. Lakini nikikumbuka kile kikohozi, nakumbuka pia nilimwambia mwenyewe akikohoa tu achukue kijiko.

Kama ameshaonja, mtazame. Mate yakimtoka, jasho, macho yakiona ukungu, usimtapishe na usimpe maziwa, nesi kanikataza nilipomrudia kumuuliza. Panda naye boda mpaka zahanati, uwaambie neno moja, dawa ya kupe. Kama hajaonja, mwambie imeingia sisimizi. Atanuna asali ya mwanawe kutupwa. Mwache anune mwaka mzima, nitafurahi.

Nisalimie shemeji, hodari wa jembe, na wanao wote wawili. Mjomba Hamisi mshukuru, lakini akileta maelezo yake usiyafuate, fuata karatasi.

Siku zote tunaandika kwamba sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwenu tu. Nimeandika hivyo miaka yote bila kufikiri. Tangu jana najipapasa tumbo, najitazama macho kwenye kioo, nautoa ulimi, naomba niumwe japo kidogo, nijue iliyobaki huku kwangu ndiyo mbaya. Asubuhi hii nimekula tena vijiko vitatu. Najua ni ujinga, usinigombeze.

Mdogo wako Saidi, ambaye mpaka saa hii haumwi hata kichwa.