Maneno Niliyosema Mbele ya Wageni

Jumatatu, Kitengela. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mimi sijatoka nje.

Hapa mtaani kila mtu anajua: kukiwa na wageni wa posa, naitwa mimi. Shule niliachia darasa la saba, lakini niwekee wazee ishirini na nitawalaza wote kwa maneno. Jumamosi ilikuwa zamu ya msichana wa dada yangu. Jina lake siandiki. Wageni walitoka Isinya.

Nilianza na chui. Kwamba nikichunga ng'ombe kule Rombo alinirukia, nikamkaba koo na mkono mmoja. Nikakunja suruali, nikawaonyesha kovu. Mzee wao akaniita shujaa, wakapiga makofi.

Nikalewa hayo makofi.

Nikaona sasa niwe mkweli, wasije wakasikia kwa watu. Nikasema msichana wetu aliharibiwa na mwanaume, lakini tumemwombea, na tunawashukuru kwa kukubali kumchukua hivyo hivyo.

Hakuna aliyenituma. Kijana wao alikuwa anajua, msichana alikuwa amemwambia mwenyewe. Wazee ndio hawakujua.

Msichana mwenyewe alikuwa mlangoni na birika ya chai. Aliiweka chini polepole.

"Anko, wewe uliumwa na chui, unaitwa shujaa," akasema. "Mimi nilibakwa, unasema nimeharibika. Ni nini yangu iliharibika?"

Hilo neno hakuna mtu kwetu alikuwa amewahi kulitamka. Na hakulia. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu.

Mimi, bingwa wa maneno, nikakunjua suruali, nikafunika kovu.

Wazee waliondoka bila kula. Kijana alibaki, akaenda kukaa naye jikoni.

Niko na ukweli ambao sijawahi kuambia mtu. Haikuwa chui. Ilikuwa mbwa ya jirani, na nilikuwa nakimbia.

Miaka yote nimemwita "yule wetu aliyeharibiwa", hata kanisani nikisimama kuomba maombi. Nilidhani hiyo ni adabu. Yeye alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia.

Leo nimempigia. Nimemwomba msamaha, hajasema amenipa. Nikamuuliza kama naweza kuandika haya.

"Andika vile nilisema, Anko. Si vile wewe husema."

Nimeandika hivyo. Sijaongeza chumvi.