Milimita Tano za Sehemu ya Katikati

CHAMA CHA WAUNDA MELI ZA KARATASI
Kumbukumbu za kikao cha saba, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 Juni katika chumba cha nyuma cha maktaba. Kiliitishwa saa tisa alasiri, kikaanza saa tisa na dakika arobaini kwa sababu ufunguo ulikuwa haujulikani uliko.

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu
2. Muuguzi, mjenzi wa sehemu ya mbele ya meli
3. Kinyozi, mjenzi wa sehemu ya nyuma
4. Fundi Saa, aliyekuwa mjenzi wa sehemu ya katikati, sasa mshauri
5. Katibu, karani wa bohari, mwandishi wa kumbukumbu hizi

Wasiohudhuria:
Bwana Udhuru, kwa udhuru. Dereva wa Lori, bila udhuru, na hakuna aliyeshangaa.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru waliofika, akaeleza kwamba koo linamsumbua na kwa hiyo hatasema mengi. Alisema kwa dakika ishirini. Aliwakumbusha wajumbe kuwa manowari hii ya kadi, yenye urefu wa mita moja na robo, imeshachukua miaka miwili, na kwamba maktaba imeulizia mara mbili kama kabati la kioo lililotengewa meli linahitajika au lirudishiwe vitabu. Muuguzi aliomba radhi kwamba ametoka zamu ya tatu mfululizo na akisinzia asiguswe.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA
Katibu alisoma kumbukumbu za tarehe 17 Mei. Kwa faida ya wasiokuwapo, zilieleza hivi: siku ile sehemu tatu za meli, ambazo kila mjenzi aliziunda nyumbani kwake, ziliwekwa mezani ili ziunganishwe. Ya mbele na ya nyuma zilikuwa na upana mmoja. Ya katikati ilizizidi kwa milimita tano. Fundi Saa alisema kwamba hiyo ni mara ya tatu anaijenga, kwamba mbili za kwanza alizichana mwenyewe alipoenda kuzilinganisha kwa Muuguzi akakuta zimezidi vilevile, na kwamba mstari wa kupimia kwenye karatasi zake ulikuwa sentimita kumi kamili. Kinyozi alisema mkono unaotetemeka hata rula haiushiki sawasawa. Maelezo ya mstari hayakujadiliwa. Ilipigwa kura, watatu kwa mmoja, Mwenyekiti akijizuia, kwamba Fundi Saa apumzishwe kisu na gundi, abaki mshauri, na Katibu amwandikie barua ya heshima.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna marekebisho. Fundi Saa alisema hana. Alisema kumbukumbu zimeandikwa vizuri kabisa. Zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/7: HALI YA MELI
Mwenyekiti alieleza kwamba sehemu ya katikati lazima ijengwe upya na mtu mwingine, akauliza nani yuko tayari. Kinyozi aliangalia dari. Muuguzi, ambaye wengi walidhani amelala, alisema bila kufungua macho, "Mimi msinitazame, jamani, nina miguu inawaka moto." Kinyozi alisema yeye ameshafanya ya kwake na imekaa barabara, hawezi kuwa punda wa kila mtu. Mwenyekiti alimtaka afute neno punda. Kinyozi alisema amejiita mwenyewe, hajamwita mtu.

Katibu aliomba nafasi ya kusema kabla mjumbe yeyote hajalazimishwa.

KUMB. NA. 4/7: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alikumbusha utaratibu wa chama: karatasi halisi za meli hazikatwi kamwe. Hutolewa nakala kwenye kadi, wajenzi hukata nakala, na zile halisi hufungiwa kabatini. Kila ukurasa una mstari wa sentimita kumi pembeni. Katibu hupaswa kuupima mstari huo kwenye kila nakala, kisha kutia sahihi yake, na mjumbe akiona sahihi hana haja ya kupima tena.

Katibu alieleza kwamba siku alipopeleka karatasi dukani, mashine ya kutoa nakala ilikwama baada ya kurasa za katikati kutoka. Zilizobaki zilihamishiwa mashine ya pili. Katibu alikuwa amesimama tangu asubuhi boharini na alitaka kwenda nyumbani. Alipima ukurasa mmoja, wa juu kabisa, akaukuta sawa, akazitia sahihi kurasa zote hamsini na mbili pale pale kwenye kaunta.

Katibu alieleza zaidi kwamba Jumanne tarehe 3 Juni alikuwa nyumbani akikata mizinga, mitutu yake, ambayo ni vijiti vya mbao vilivyonunuliwa tayari, ikakataa kuingia kwenye mnara. Alipima mstari wa ukurasa ule. Ulikuwa sentimita tisa na milimita saba. Alikuja hapa maktaba, akafungua kabati la chama akalinganisha na karatasi halisi. Mashine ya pili ilikuwa imepunguza kila kitu ilichokipitisha.

Mwenyekiti aliuliza maana yake nini kwa ufupi. Katibu alisema maana yake ni kwamba sehemu ya mbele ni ndogo, ya nyuma ni ndogo, mnara na mizinga ni midogo. Kitu pekee kwenye meli hii chenye kipimo sahihi ni sehemu ya Fundi Saa.

Muuguzi alifungua macho.

KUMB. NA. 5/7: KUPIMA
Kinyozi alikataa maelezo hayo, akasema haiwezekani miezi saba ya maisha yake ikapotea kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kwenda kulala. Aliomba rula. Alipima mstari kwenye mabaki ya karatasi zake mara nne, mara ya nne akiwa amesimama karibu na dirisha. Kisha alikaa. Aliulizwa amepata ngapi, akasema, "Niacheni kidogo."

Muuguzi alipima yake mara moja tu. Alimwambia Fundi Saa, "Baba, tusamehe. Tulikuhukumu kwa macho." Mwenyekiti alimpa maji.

Mwenyekiti alipima sehemu ya katikati pande zote, kwa miwani na bila miwani, akatangaza kwamba haina kosa hata la unene wa kucha. Aliongeza kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hesabu hakuwahi kukubali jibu kwa kuwa ndilo la wengi, na hajui siku ile aliingiwa na nini hata akakaa kimya.

Mikono ya Fundi Saa ilikuwa juu ya meza na ilikuwa inatetemeka kama siku zote.

KUMB. NA. 6/7: KIBANDA
Mwenyekiti alipendekeza azimio la kikao cha sita lifutwe na Fundi Saa arudishiwe kisu. Wote waliunga mkono. Kinyozi, ambaye ni mdogo wa marehemu mke wa Fundi Saa, alisema kwa sauti ya kuchangamsha, "Haya shemeji, rudi kazini, na zile saa zako pia zilikuwa zinakusubiri."

Fundi Saa alieleza kwamba saa hazipo. Alisema barua ya chama ilisomwa na binti yake kwa sauti, mezani, na alipomaliza alimwambia, "Baba, kama karatasi imekushinda, vyombo vya watu utaviweza?" Alisema aliona binti ana haki. Alizunguka wiki nzima kuwarudishia wateja saa zao, nyingine zikiwa hazijaguswa. Kisha alikabidhi ufunguo wa kibanda alichokaa miaka thelathini na moja. Sasa kuna kijana anauza makava ya simu.

Kinyozi alisema, "Shemeji, mbona hukuniambia?"

Fundi Saa alijibu, "Nikuambie nini, na wewe ndiye uliyenyoosha mkono wa kwanza?"

Mwenyekiti aliuliza ufunguo ulikabidhiwa lini. Fundi Saa alisema Ijumaa, tarehe 6 Juni.

Mwenyekiti alimgeukia Katibu, akamuuliza yeye aligundua lini. Katibu alirudia kwamba ilikuwa Jumanne, tarehe 3. Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema siku ile. Katibu alisema aliona aibu. Alisema kila siku alijiambia kesho, na kwamba alidhani linalongoja ni meli tu, na meli haina haraka. Alisema nyumba ya Fundi Saa iko njiani akitoka kazini, na alipita mbele yake Jumatano na Alhamisi.



Katibu aliomba kujiuzulu. Mwenyekiti aliuliza nani ataandika badala yake. Hakupatikana. Ombi halikukubaliwa. Katibu aliagizwa aandike kila kilichosemwa leo, bila kupunguza.

KUMB. NA. 7/7: MGAWANYO MPYA WA KAZI
Ilikubaliwa kwamba nakala mpya zitolewe na zipimwe ukurasa kwa ukurasa na watu wawili. Muuguzi alisema kwa unyonge kwamba ameipenda kazi hii lakini kuanza upya hawezi, mwili umekataa. Kinyozi alisema na yeye basi, imetosha. Mwenyekiti alianza kusema kwamba huenda maktaba irudishiwe kabati lake.

Fundi Saa alimkatiza. Aliuliza karatasi za mbele ziko wapi. Katibu alimwonyesha kabatini. Aliuliza na za nyuma. Alipopewa alizigonga mezani zikakaa sawa, akaziweka kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na za mnara, akisema atazipeleka dukani mwenyewe zitolewe nakala.

Mwenyekiti alimwambia, "Mzee mwenzangu, hiyo ni kazi ya watu watatu. Utaipatia wapi nafasi?"

Fundi Saa alisema, "Nafasi? Kuanzia asubuhi mpaka jioni, Mwalimu. Sina pa kwenda."

KUFUNGA
Hapakuwa na mengineyo. Wajumbe waliachana saa kumi na moja na dakika tano. Fundi Saa alitangulia. Katibu alimfuata hadi mlangoni akaomba ambebee mfuko, akaambiwa hauna uzito.

Sahihi: ……………………… Mwenyekiti
Sahihi: ……………………… Katibu