Mgongo wa Ramani 1127

Lubumbashi, 3 Februari 1975

Baba mpendwa,

Jambo sana kwako na kwa Mama. Magoti yake yanasemaje na mvua hizi? Huku kwa Mama mdogo tuko wazima, ni mafua tu yanayotuzunguka nyumba nzima.

Nimepata kazi kwenye ofisi ya ramani ya kampuni, tena ni ya ukoo wako wa wachoraji. Ramani zote za viwanda, tangu wakati wa Wabelgiji, zinapigwa picha ndogo kama stempu. Kila picha inabandikwa kwenye kidirisha cha kadi, na kadi inatobolewa matundu yanayoonyesha namba ya ramani. Ukitaka ramani fulani, mashine inachambua maelfu ya kadi na kukutolea ile moja kabla chai yako haijapoa. Ramani zenyewe zinatiwa masandukuni. Mwisho wa Machi zitachomwa, maana zimejaza vyumba vitatu.

Mimi ninasafisha. Ile karatasi yenu inapitisha mwanga, kwa hiyo uchafu wa mgongoni unatokea kwenye picha kama kivuli. Ninafuta mpaka iwe nyeupe. Mkubwa wetu, Citoyen Kitenge kama tunavyotakiwa kumwita, anasema zangu ni safi kuliko za wote. Juzi nilikutana na mwandiko wako, namba 1127! Nikawaonyesha wenzangu: "Muone, mukono ya baba yangu!"

Kwenye bahasha andika Ngalula tu. Jina la Delphine halipendwi posta siku hizi, tangu serikali ikataze majina ya Kizungu.

Mtoto wako,
Delphine

Likasi, 12 Februari 1975

Mwanangu Delphine,

Barua yako tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana Mama yako alitaka kusikia tena pale uliposifiwa. Goti la kushoto limetulia, la kulia bado linabishana naye. Kaka yako Floribert anakusalimu.

Hiyo kadi nimeielewa. Sisi tulikuwa tunatafuta ramani moja nusu siku, na safari moja tuliikuta chini ya sufuria ya mlinzi. Mashine hiyo ni nzuri, sina neno. Ila nina swali: huo uchafu wa mgongoni, uliusoma kabla ya kuufuta?

Acha nikueleze taratibu. Zamani, injinia Mzungu akishatia sahihi, sisi wachoraji Weusi hatukuruhusiwa kugusa tena uso wa ramani. Lakini bomba halijui sahihi. Wachimbaji wakikuta mwamba walilipindisha, kisha fundi alikuja dirishani: "Alexis, ile bomba haikulala pale munachora." Sasa tungeandika wapi? Tuligeuza karatasi, tukaandika mgongoni kwa penseli, kwa Kiswahili, na tarehe. Kila aliyetaka kuchimba alijua: kwanza geuza. Hakuna kitabu chenye utaratibu huo, kwa sababu ulikuwa umekatazwa.

Ramani 1127 ni bomba la tindikali nyuma ya bohari ya zamani. Linafanya kazi hata leo. Jumatatu tarehe 3 Machi kikosi cha Floribert kinaanza kuchimba hapo mfereji wa kebo, kwa nyundo za upepo, na ramani itatoka kwenye kadi zenu. Ninakumbuka kwamba bomba lilipinda. Lilipinda mita ngapi, sikumbuki. Ni miaka kumi na saba.

Usifute nyingine. Nijibu upesi.

Baba yako

Likasi, 22 Februari 1975

Mwanangu,

Salamu tena. Sisi ni wazima. Sijapata jibu, nami silaumu posta wala silaumu wewe.

Ramani imefika kiwandani. Floribert aliniletea niione. Picha ni safi kabisa. Bomba limenyooka kama mstari wa daftari, na mfereji umepangwa mita nne kando yake, upande wa kaskazini. Nilikwenda mwenyewe kupima kwa hatua, lakini bohari ilibomolewa na pembe yake niliyoitegemea haipo.

Nilimweleza kapita wao, Mathieu, msimamizi wa kikosi. Akacheka: "Mzee, machine haidanganyake. Weye njo umezeeka." Nikamjibu kwamba ni kweli haidanganyi, lakini haijafundishwa kugeuza karatasi. Vijana walicheka, naye akakasirika. Lilikuwa kosa langu. Mtu uliyemfanya achekwe mbele ya wafanyakazi wake hakusikii tena.

Floribert anasema akikataa kuchimba, watachimba wengine. Kwa hiyo atachimba.

Baba yako

Lubumbashi, 27 Februari 1975

Baba,

Jambo kwenu. Tuko wazima. Barua hii ninampa dereva wa lori la samaki anayerudi ziwani Tshangalele, atapita hapo kwenu Ijumaa au Jumamosi. Usishangae harufu.

Nilinyamaza kwa aibu. Nilifuta ramani 412 kwa jumla, na hiyo namba 1127 niliifuta kwa bidii kuliko zote kwa sababu ilikuwa yako. Niliyasoma yale maneno, Baba. Nilikumbuka "mwamba umekataa" kwa sababu yalinichekesha. Namba sikuitazama.

Nilimwambia Citoyen Kitenge tupige picha pande zote mbili. Akasema: "Weye njo ulifuta, na weye njo unakuya kulalamika?" Akaniambia nirudi kwenye kifutio. Nikakataa. Nimepewa barua ya onyo. Ya pili huwa ni ya kufukuzwa.

Leo saa ya chakula niliingia kwenye masanduku nikaitoa 1127. Risasi ya penseli imekwisha, lakini wewe ulikuwa unakandamiza. Ulinipiga vidole utotoni nisikandamize, kumbe mwenyewe! Niliiinamisha dirishani ili mwanga upite ubavuni, na vijifereji vya penseli vikaonekana. Nimenakili kama ilivyo:

"Mwamba umekataa. Bomba limehamia kaskazini 4 m 20. Kina 90. 11-8-58."

Ni pale pale watakapochimba. Mpe Floribert kabla ya Jumatatu.

Delphine wako

Likasi, 9 Machi 1975

Mwanangu Delphine,

Sote ni wazima, na safari hii neno hilo ninaliandika nikijua uzito wake.

Barua ilifika Jumamosi jioni ikinuka samaki. Jumatatu Floribert ndiye aliyemwonyesha Mathieu karatasi yako, si mimi. Mathieu aliitazama sana tarehe, kisha akasema nyundo zisimame, wachimbe kwa koleo. Kwenye sentimita themanini na nne walisikia chuma. Wewe uliandika tisini. Kosa la hizo sita ni langu mimi, la mwaka 1958.

Jioni Mathieu alikuja nyumbani, akakaa, akala na Mama yako bukari aliyoisonga. Hakuomba msamaha. Aliuliza: "Mzee, zingine ni ngapi?" Nikamwambia zimebaki 411 zilizofutwa kwa mkono wa binti yangu, za wenzake sijui. Amemwomba injinia wa kiwanda aiandikie ofisi yenu masanduku yasichomwe. Injinia ameandika. Kama watasikia, sijui. Kwa hiyo wewe endelea saa za chakula, dirishani, unakili. Barua ya onyo itunze vizuri. Siku moja utawaonyesha watoto wako.

Ndani ya bahasha hii kuna ramani 1127, nimeichora upya. Penye mpindo nimerudia mstari mara mbili, utanisamehe. Bomba nimelionyesha lilipo, na chini kulia, mahali pa sahihi, nimeandika jina langu lote. Miaka thelathini sikuwahi kuandika hapo. Mpe Citoyen Kitenge aipige picha.

Igeuze kwanza, kama desturi. Mgongoni hakuna kitu.

Baba yako